Jina Dirishani

Daraja la jumla haliulizi jina.
Unataja mji, unasukuma noti chini ya kioo,
karatasi inarudi nyepesi kama ganda la kitunguu,
na kuanzia hapo ni wewe na viwiko vyako.

Nimelipanda mara tisa.
Nawajua wavulana wanaorusha leso dirishani
ili leso ikae kwanza, nao waifuate.
Niliwahi kusimama kwa mguu mmoja hadi Raipur
kwa kuwa wa pili ulikosa pa kutua,
na mtoto wa mtu, sijui wa nani,
akalala begani mwangu usiku kucha,
akaniachia ute kwenye sari.
Hakuna aliyetaka kujua mimi ni nani.

Lakini leo yuko yeye, pale kwenye benchi,
Titilagarh, mwezi wa tano, chini ya feni isiyozunguka.
Goti lake lina nyuzi kumi na nne.
Amelinyoosha mbele kama mtu auzaye mbao.
Watu wanaliruka,
naye anamwomba radhi kila anayeliruka.

Jogesh wetu alisema kwa simu:
Mama, kateni la kiyoyozi,
kuna pazia, kuna shuka zilizopigwa pasi.
Nikamuuliza bei. Akakohoa, akaitaja.
Nikapiga hesabu: ni mbuzi.
Mbuzi mzima, na kengele yake,
alale chali kwenye shuka ya pasi mpaka Chennai!
Basi kateni la kulala, Mama. Dirisha wazi, upepo wa bure.
Nusu mbuzi, mara mbili.
Sijazaliwa jana.

Karani ana kalamu sikioni na nyingine mkononi.
Kitanda cha chini, anasema, kimebaki kimoja.
Nipe hicho, nikasema, na moja ya jumla.
Akaniangalia kwa mara ya kwanza.
Mtatengana, mama. Mlango wa kati hufungwa.
Tutaonana vituoni, nikamwambia.
Haya. Jina la msafiri?

Miaka thelathini na nane sijalitamka.
Kwetu mke halitaji.
Nimemwita Baba Jogesh, nimemwita wewe, nimemwita sikia,
nimemgongea sufuria akiwa mwisho wa shamba.
Siku nyoka alipokuwa nyuma ya kisigino chake
nilipiga yowe lisilo na herufi hata moja,
akaruka, akapona.
Hospitalini aliandika mwenyewe.
Daraja la jumla, nasema tena, haliulizi.

Mama, foleni ni ndefu. Jina?

Nyuma yangu mtu alinisukuma kwa sanduku la bati.
Nikageuka. Kule benchini alikuwa akimwomba radhi mtawa.
Nikainama mpaka midomo ikagusa tundu la kioo,
lilikuwa na chumvi, la midomo ya watu.
Dhaneswar, nikasema.
Sauti!
Dhaneswar Meher. Miaka sitini na miwili. Mwanamume.

Karani akalirudia kwenye kipaza sauti chake kibovu,
Dha-nes-war Me-her, likagonga bati la paa,
likarudi kubwa kuliko mwenyewe.
Pale benchini kichwa kiliinuka,
kikatafuta kushoto, kikatafuta kulia,
kila mahali ila kwangu.

Hakuna aliyesema neno tukigawana mkate.
Treni ikaja imechelewa saa tatu.
Nikampandisha, nikakimbilia behewa la mwisho,
nikaingia kwa kiwiko, nikaketi juu ya gunia la vitunguu la mtu.
Nililala, Mungu anajua. Nililala fofofo.

Kituo cha kwanza kirefu, usiku wa manane,
nikashuka, nikayapita mabehewa mbio mpaka lake.
Alikuwa ameketi wima.
Kwenye kitanda chake, kuanzia pale mguu ulipoishia,
wageni watatu na kichanga.
Hujalala?
Hawa hawana pa kukaa.
Tiketi hiyo ina jina, nikamwambia kupitia nondo.
Filimbi ilikuwa imeshalia. Nilianza kurudi mbio.
Ina jina, akasema nyuma yangu. Nililisikia.